Kitu cha Ajabu Jikoni



Mwezi huu twawapa habari ya mwalimu mmoja wa bara aliyehamia pwani na jamaa yake. Walipofagia jiko la nyumba waliyopanga, waliona mfuko mdogo uliosukwa kwa ukindu, umetundikwa karibu na mafiga, mweusi kwa moshi. Mkewe akaogopa, akasema, "Huu ni uganga. Jirani ametutegea." Wakakusudia kuuchoma, na siku tatu hawakumwamkia yule jirani, bibi mzee.

Tulipofika kuwazuru tuliutazama mfuko ule. Hirizi hushonwa kinywa. Huu ulikuwa wazi, wala hamna kitu ndani. Tena misuko yake imelegea kwa kupindwa mara nyingi, na ndani yake yalinata mafuta yenye harufu ya nazi. Tukawaambia, "Chombo huonyesha kazi yake kwa alama za mikono iliyokitumia. Twende tukaulize."

Bibi alipouona alicheka. "Hiki ni kifumbu, wanangu." Akaketi juu ya mbuzi, akakuna nazi, akainyunyizia maji kidogo, akaitia kifumbuni, akakamua: likatoka tui zito, ndilo kasimile. Akaongeza maji, akakamua tena: likatoka tui jepesi. Hilo jepesi hutangulia chunguni, nalo zito hutiwa mwisho, lisikatike kwa moto. Machicha akawatupia kuku.

Mwalimu alikuwa nayo kamusi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939, na kifumbu kimo ndani yake. Lakini asiyejua jina la kitu atalitafutaje kitabuni? Jina hilo lilikuwa kinywani mwa bibi, hatua ishirini tu kutoka mlangoni pao. Na siku hizi wengi huchuja tui kwa vichujio vya dukani, hata watoto wa pwani wenyewe waweza kukiona kifumbu wasikitambue.

Mke wa mwalimu akamwungamia bibi yale aliyomdhania, akaomba radhi. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ungalibisha hodi siku ya kwanza." Jioni ile tulikula wote wali wa nazi katika sinia moja.

Basi, wazazi na walimu, msikitupe chombo cha kale, wala msimdhanie mtu mabaya, kabla ya kuuliza. Kuuliza si ujinga.