« Échec » haitoshi: masini ya mushahara iseme kosa lake

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kubakia nyumbani na hesabu ya unga,

Sisi wote tunajua lile neno. Siku ya mushahara mtu anatoka kazi ya usiku, anafungua telefone juu ya kutosha feza yake ku banki, na masini inajibu: « Échec de l'opération ». Basi. Haisemi nini imeshindwa, haisemi nani atatengeneza. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alijaribu mara tatu, juu ya minerval ya mtoto. Feza ilikatwa mara mbili. Biro ya mushahara ikamutuma ku banki, banki ikamutuma ku kampuni ya simu, kampuni ya simu ikamurudisha ku biro.

Wakubwa wanasema: « Ni rezo. » Sisi wa sendika tuliuliza vijana wetu wenye kusomea informatike. Jibu lao: si kila mara.

Programu moja ikiomba kitu kwa programu ingine kupitia intaneti, ile ya pili inarudisha namba. Ikianza na 4, ombi lenyewe liko na kasoro: 401, mwenye kuomba hakutambulika, 404, kitu hakikupatikana, 429, maombi yamezidi kwa muda mfupi. Ikianza na 5, masini yenye kuombwa njo imeshindwa: 500, imeharibikiwa ndani, 503, haiko tayari kwa sasa. Na rezo ikikatika, hakuna namba hata moja inarudia. Kwa hiyo habari iko, lakini inatupwa njiani. Mwenye kuandika programu anatia makosa yote mu mufuko mumoja na anaandika juu yake « Échec ».

Dawa si ngumu. Mwandishi wa programu anaunda aina zake mwenyewe za makosa, kila moja na jina lake: Kosa la Rezo, Kosa la Kitambulisho, Feza Haitoshi, Masini ya Banki Imesimama. Kila aina inabeba namba yake, maneno ya kumwambia mwenye simu, na jibu la swali moja: ajaribu tena, ao angoje? Java, Python, JavaScript, zote zinaruhusu hii. Lakini kuko mtego. Mu JavaScript, wengi wanatuma maombi na chombo chenye kuitwa fetch. Kikipata 404 ao 500, hakipigi kelele. Kinapiga kelele kama ombi halikupata jibu kabisa. Mwandishi asipopima jibu yeye mwenyewe, programu inaweza kuandika « imefanikiwa » wakati banki imekataa.

Sisi wa shimo tunaelewa hii mbio. Baruti ikikataa kulipuka, hakuna mtu anarudi kutoboa mu tundu lile lile. Hatujui kama imekufa ao imelala. Tunangoja, tunatia alama, mtu wa baruti anakuja kuangalia. Ombi la feza lenye halikujibiwa liko vile vile: pengine feza imekwisha kukatwa, ni jibu tu lilipotea. Kwa hiyo kila ombi libebe namba yake. Mtu akibonyeza tena, namba ibakie ile ile, na banki ijue ni ombi moja tu.

Kwa wakubwa wa kampuni: Code du travail ya 2002 inataka mwajiri apatie mfanyakazi hesabu yenye kuandikwa kila akilipa mushahara. Masini yenye kusema « Échec » haitoi hesabu. Muandike mu kontra na wenye kutengeneza programu: kila kosa na jina lake, kwa Kifaransa na Kiswahili, na biro gani inalitengeneza.

Kwa wenzetu: ukiona « Échec », usibonyeze tena mbele ya kuangalia feza yenye inabakia. Piga picha ya ekra, andika saa, letea delege wako. Tumefungua daftari, na ku mukutano na direksyo tutaifungua mbele yao.