Tarakilishi Yaona, Nani Atatibu?

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana ulimi wa kulalamika kwamba nuru inamtoka. Mishipa ya damu ya retina yake haijakomaa. Oksijeni iokoayo maisha yake, ikizidi kipimo, yaweza kuivuruga na kumpofusha. Ndivyo alivyopofuka mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Marekani mwaka 1950.

Mwaka 2018, watafiti wa Marekani walitangaza programu ya tarakilishi ichunguzayo picha za retina za watoto hao. Ilitambua dalili za hatari kwa usahihi wa asilimia 91, ilhali mabingwa wanane walipata wastani wa asilimia 82.

Kwetu Kenya, ambako mabingwa wa macho ni haba mashambani, habari hizi zatia moyo. Hata hivyo, mashine haitibu. Maradhi yakikithiri, tiba ya leza au sindano huhitajika katika muda wa siku chache. Kaunti inunuayo kamera bila kumfunza muuguzi, bila kumwajiri daktari, na bila kumweleza mama tarehe ya kurejea kwa lugha aielewayo, imenunua pambo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini jicho likishapofuka, ukuta haujengeki.