Willy Gamba mbele ya msomaji wa Maniema

Katika Kikosi cha Kisasi, riwaya iliyotoka mwaka 1979, Mtanzania Elvis Musiba alimpeleka mpelelezi wake Willy Gamba hadi Kinshasa, kupambana na watu wanaohujumu ukombozi wa kusini mwa Afrika. Miaka mitano kabla, katika Kufa na Kupona, Gamba alikuwa Nairobi. Baadaye zikaja Njama, Hofu na Uchu.

Wasomaji hawajawahi kukubaliana juu ya riwaya hizi. Wapo wanaoanza ukurasa wa kwanza jioni na kulala alfajiri. Wahakiki wa vyuoni waliziita "riwaya pendwa" na kulalamikia hoteli za kifahari, pombe, wanawake wasio na kazi ila urembo, na kivuli cha James Bond. Wana haki, hasa kuhusu wanawake. Ila Musiba aliandika wakati Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ina makao yake Dar es Salaam, akavifanya vita vya Rhodesia na Afrika Kusini vimhusu hata msomaji aliyeishia shule ya msingi. Hilo si jambo dogo.

Ukisimama Kasongo au Kabambare, katika jimbo la Maniema mashariki mwa Kongo, swali linakuwa jingine. Kiswahili kimekaa huko tangu enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa karne ya 19, lakini Kongo ya Gamba ni ya mji mkuu, ambako watu husema Kilingala na Kifaransa. Maniema haimo.

Na bunduki je? Katika teritwari ya Kabambare, mgodi wa dhahabu wa Namoya umezungukwa na makundi yenye silaha. Mwaka 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha uchimbaji kwa sababu ya usalama. Kwa aliyewahi kukimbia Salamabila, mji ulio jirani na mgodi huo, na watoto mgongoni, shujaa anayemaliza kila jambo kwa risasi ni vigumu kumshangilia.

Anayefaa zaidi huko ni Bwana Msa, mpelelezi wa mwandishi Mzanzibari Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, inaanza na mauaji ambayo watu wako tayari kuutwika mzimu. Msa anavuta kiko, anauliza, anasikiliza, mpaka siri za ukoo zinafumuka. Magomvi ya mashamba, urithi na tuhuma za uchawi yanajulikana vizuri Kasongo. Mwandishi wa huko angeweza kuanza na maiti moja yenye jina, mashahidi wenye hofu, na mpelelezi anayetumia Kiswahili cha Maniema kudai ushahidi pale wengine wanaporidhika na uvumi.