SINEMA IPI HAIZEEKI?

Watu wakitoka kutazama sinema hubishana. Vijana husema sinema bora ni yenye mapigano. Wazee husema ni yenye mafunzo. Wataalamu nao hubishana vivyo hivyo.

Huko Uingereza kuna gazeti la sinema liitwalo Sight and Sound. Tangu mwaka 1952, kila baada ya miaka 10, gazeti hilo huwauliza wataalamu: sinema ipi inapita zote? Mwaka 1952 walichagua sinema ya Italia, Wezi wa Baiskeli. Mwaka 1962 walichagua Citizen Kane ya Marekani. Hiyo ilikaa mbele mpaka mwaka 2012, ilipopitwa na Vertigo. Mwaka 2022 Vertigo nayo ilipitwa. Kumbe hata wataalamu hubadili maneno yao.

Mimi nashikilia ile ya kwanza. Sababu ni hizi.

Wezi wa Baiskeli ilitengenezwa mwaka 1948 na Vittorio De Sica. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na kazi zilikuwa haba mjini Roma. Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani. Sharti awe na baiskeli. Lakini baiskeli yake iko rehani. Mkewe anatoa mashuka ya kitandani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi, mwizi anaichukua.

Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wanaitafuta mjini. Hawaipati. Mwishowe Antonio anakata tamaa, naye anaiba baiskeli ya mtu. Watu wanamkimbiza na kumkamata. Bruno anaona yote. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto yule, kisha anamwachilia baba. Baba analia. Mtoto anamshika mkono.

Aliyeigiza Antonio alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Hakuwa mwigizaji.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatujafika Roma. Lakini nani hajui thamani ya baiskeli? Hubeba mahindi mpaka mashineni. Hubeba mgonjwa mpaka zahanati. Ikiibiwa, nyumba nzima imepata pigo. Basi, sinema isiyozeeka si yenye bunduki nyingi. Ni ile ambayo mtu wa mbali akiitazama hujiona mwenyewe.

Wengine watapinga. Watasema kumwonea huruma mwizi ni kufundisha wizi. Hoja hiyo si ndogo. Lakini sinema hii haisifu wizi. Inaonyesha aibu ya baba mbele ya mwanawe, na aibu hiyo ni nzito kuliko jela.

Zungumzeni jambo hili jioni, nyumbani au darasani. Kila mtu ataje sinema asiyoweza kuisahau, na aeleze kwa nini. Kisha jiulizeni: kama baiskeli ile ingekuwa yako, ungemwachilia Antonio?