Kasi ya Dunia na Kasi ya Bodaboda

Mtoto wa sekondari anaporudi nyumbani na kusema kwamba dunia hulizunguka jua kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa sekunde, wazazi wengi huitikia tu kwa kichwa. Namba hiyo haina sura machoni petu, kwa kuwa safari zetu tumezizoea kwa saa, si kwa sekunde. Wiki hii tuiweke hesabu hiyo mbele ya familia nzima, kwa kipimo tunachokijua.

Umbali wa kutoka duniani hadi kwenye jua ni kama kilomita milioni 150. Tukizidisha kwa 2, kisha kwa 3.14, tunapata njia yote ya dunia: takriban kilomita milioni 940. Njia hiyo humalizwa kwa mwaka mmoja. Hapa watoto wa madrasa wawe makini: mwaka unaotakiwa ni wa jua, wenye siku 365, wala si mwaka wa Hijria wenye siku 354 au 355, kwani huo hufuata mwandamo wa mwezi. Tugawanye kwa 365, kisha kwa 24. Tunapata zaidi kidogo ya kilomita 107,000 kwa saa. Tukigawanya tena kwa 3,600, ambazo ni sekunde za saa moja, zile kilomita 30 zinajitokeza.

Basi la abiria, kwa sheria, halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, safari ya Shinyanga hadi Mwanza, yenye kilomita kama 160, huchukua saa mbili. Dunia huumaliza umbali huo kabla hatujahesabu hadi sita. Na lau basi hilo lingeifuata njia ya dunia bila kusimama, lingehitaji miaka ipatayo 1,340. Basi lililoondoka katika karne ya kwanza ya Hijria ndiyo kwanza lingekuwa linamaliza mzunguko mmoja katika zama zetu.

Sayari nazo hazilingani. Zebaki, iliyo jirani zaidi na jua, huenda kilomita 47 kwa sekunde. Mshtarii, iliyo mbali, huenda 13 tu. Kadiri sayari inavyokuwa mbali, ndivyo mvuto wa jua juu yake unavyopungua, na mwendo wake nao hupungua.

Kwa nini basi hatuihisi kasi hii? Kwa sababu mwili hauhisi mwendo wenyewe, bali mabadiliko ya mwendo. Abiria husinzia basi likienda sawasawa, na huamka dereva akikanyaga breki.

Hesabu hiyohiyo ina kazi nyingine, iliyo karibu nasi zaidi. Kuigeuza kasi ya kilomita kwa saa iwe mita kwa sekunde, tunagawanya kwa 3.6. Pikipiki iendayo 50, ambao ndio mwisho ulioruhusiwa kwenye makazi ya watu, hupita mita 14 kila sekunde. Mtoto anayevuka barabara ya lami yenye upana wa mita saba, akitembea mita moja kwa sekunde, hutumia sekunde saba. Katika sekunde hizo pikipiki imekwisha kwenda karibu mita 100, yaani urefu wa kiwanja cha mpira. Ikiwa dereva anakimbiza 80, imekwenda zaidi ya mita 150.

Hapa Ibadakuli vijana wetu wengi ni madereva wa bodaboda, na wadogo zao huvuka barabara asubuhi kwenda shule na jioni kwenda madrasa. Tunawaomba wazazi wawafanyishe wote wawili hesabu hii. Mdogo ajue kwamba chombo kinachoonekana kiko mbali kinaweza kumfikia kabla hajafika ng'ambo. Mkubwa ajue kwamba kutazama simu kwa sekunde mbili tu ni kwenda karibu mita 30 bila kuiona njia.