MFUKO UKIPUNGUA, MAJI NA DAWA KWANZA!

Wandugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi baba na mama wa Manika na Dilala, wa Luilu, Kapata na Musompo!

Kila mwaka, wakati wa kupanga bajeti, tunasikia neno lile lile: makuta ni kidogo, vumilieni. Sisi tunauliza: uvumilivu huo unaanzia wapi? Mbona sikuzote unaanzia kwa mgonjwa na kwa mtoto wa masomo, na haufiki hata siku moja kwenye gari la mkubwa?

Hatukatai kwamba mfuko umepata shida. Sisi ni makarani, hesabu tunaijua. Februari 2025 serikali ilifunga njia ya kobalti isitoke nchini, maana bei ilikuwa imeanguka. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 inatoka kwa kipimo: tani 18,125 kwa miezi ya mwisho ya mwaka ule, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vile vile kwa mwaka 2027. Mwaka 2024 nchi ilichimba zaidi ya tani 200,000. Bei imepanda tena, lakini tani zimekatwa zaidi ya nusu. Na vita ya Mashariki, ambako Goma ilianguka Januari 2025 na Bukavu Februari, imekula makuta mengi ya Leta. Hayo yote ni kweli.

Lakini nusu ya kweli si kweli. Kwanza, shaba haikusimama. Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 3,000,000 za shaba, na malori ya kwenda Kasumbalesa tunayaona kwa macho yetu. Pili, kipimo cha kobalti kimetangazwa mpaka mwaka 2027. Mtu aliyeambiwa mapema posho yake ya miaka miwili hawezi kulia kwamba njaa imemshtukiza. Anakaa, anapanga. Na kupanga ni kusema: hiki kwanza, kile kitangoja.

Sasa sikieni sheria inavyosema. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoza 3.5 kwa mia juu ya shaba, na 10 kwa mia juu ya madini yaliyoitwa ya pekee, kobalti ikiwa mojawapo. Katika kila franka 100 za malipo hayo, 50 ni za serikali kuu, 25 ni za mkoa, 15 ni za komini, sekta au utawala wa mahali pale mgodi ulipo, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Maana yake franka 40 katika 100 ni za mikoa na komini zenye migodi kama zetu. Na tangu sheria ya 2002 iliandikwa kwamba sehemu ya miji na teritwari itumiwe tu kwa kujenga vitu vya msingi vya faida ya watu wote. Haikuandikwa viti vya ngozi. Haikuandikwa karamu na mapokezi.

Wazee wetu waliona mkasi ukikata upande mbaya. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na mwaka 1994 tani hazikufika 50,000. Ni nini kilichokatwa? Posho, dawa za hospitali, masomo ya watoto, mishahara. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka, na jambo lile likaitwa kuondoka kwa hiari! Mji ulilipa gharama ile kwa miaka mingi.

Kukata maji na dawa si kubana matumizi. Ni kukopa kwa riba. Bomba lisilotengenezwa mwaka huu linaleta kipindupindu mwaka ujao, na kulaza wagonjwa mia ni ghali kuliko kununua bomba. Gari jipya likingoja miaka miwili, nani atakufa? Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja hata saa mbili.

Wengine watajibu: barabara na majengo nayo ni maendeleo. Ndiyo. Barabara inayomfikisha mgonjwa kwa munganga iwekwe mbele pamoja na dawa. Lakini jumba la ofisi lisimame kwenye mstari, nyuma ya zahanati. Wengine watasema: mwalimu analipwa na Kinshasa, si na mkoa. Ni kweli. Lakini tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ya Leta yalipofanywa bure, madarasa yalijaa. Bati, mabenchi na vyoo vinaweza kununuliwa hapa hapa. Tena wengine watasema: umeme ni kazi ya SNEL. Basi mkoa uende ukadai! Nzilo na Nseke ziko katika ardhi yetu, nyaya kubwa zinapita juu ya mitaa yetu kwenda migodini, na mitaa inalala gizani.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Maji safi, dawa na chumba cha kuzalia vilipwe kwanza, kabla ya franka moja kwenda kwa safari au gari.

2. Mabenchi, bati na vyoo vya masomo vifuate.

3. Makuta yakipungua, kukata kuanzie juu: posho za wakubwa, mapokezi, samani.

4. Kila miezi mitatu, hesabu ya zile franka 25 na zile 15 ibandikwe ukutani kwa komini, kwa Kiswahili: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimejenga nini.

Mgodini kila tani inaandikwa. Lori halipiti mlango bila karatasi. Ikiwa jiwe linahesabiwa namna hiyo, kwa nini makuta ya jiwe hilo yasihesabiwe mbele ya watu?

Wandugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Karani peke yake ataambiwa ana matata. Mitaa yote ikiuliza swali moja siku moja, jibu litapatikana. Nendeni kwa komini zenu, mkaulize kwa heshima, lakini msirudi bila karatasi.

MALI YA ARDHI YETU, MAJI YA WATOTO WETU KWANZA!