Feza ya fidia isiishe ndani ya tanki: 1.8 ao 2.4?

Juma lililopita, kipindi cha asubuhi kilipokwisha, mama mmoja alipiga simu kwenye redio. Nyumba yao ilibomolewa sababu ya mgodi, fidia imefika, na sasa ndani ya nyumba ya kupanga kuna mabishano kila jioni. «Yaya, baba yao anataka motokari ya 2.4. Mimi nasema tutwae ya 1.8, feza itakayobaki tupandishe nyumba mpaka kwenye madirisha. Wewe unasema nini?»

Kwenye simu nilijibu kwa ufupi. Leo najibu kwa urefu, maana najua si nyumba yake peke yake inayobishana.

Hapa Kolwezi tunajua maana ya kuhama. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta na wakaaji wakaondoka. Cité Gécamines nayo, shimo la mgodi limesogea karibu na milango ya watu. Mtu aliyekuwa akienda sokoni, shuleni na hospitali kwa miguu, leo kiwanja chake kiko mbali, fasi ambayo motari anafikiri mara mbili kabla ya kukubali kukupeleka. Kwake motokari si ya kujionyesha. Ni miguu mipya. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu asinunue. Namwambia anunue ile ambayo ataweza kuilisha.

Shemeji yangu mmoja alipata fidia yake na akanunua Toyota Vanguard ya 2.4, ya viti saba. Alitaka kubeba abiria kutoka kartie yao mpya mpaka mjini. Miezi minne ya kwanza tulimwita bosi. Kisha matairi yakaisha, breki zikaisha, na kila jioni feza ya abiria iliingia kwenye tanki kabla ya kufika mezani. Aliiuza kwa hasara. Nyumba yake mpaka leo iko kwenye fondasio, na majani yanaota juu ya matofali. Hakuna aliyemdanganya. Alihesabu bei ya kununua, hakuhesabu bei ya kutembea.

Tuhesabu pamoja, na tuhesabu kwa lita, maana bei ya esansi inabadilika lakini lita ni lita. Tuseme motokari inatembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 2,600. Ndani ya mji, kwa kusimama na kuondoka, tuweke lita 10 kwa kilomita 100 kwa moteri ya 1.8, na lita 13 kwa ile ya 2.4. Ya kwanza itakunywa lita 260 kwa mwezi, ya pili lita 338. Tofauti ni lita 78. Kwa mwaka ni lita 936. Zidisha kwa bei ya leo kwenye stasio, ao kwa bei ya Kadafi wa kando ya barabara siku ambapo stasio hazina kitu, kisha ugawanye kwa bei ya mfuko wa simenti. Utaona ukuta wa nyumba yako unavyotoka kwenye ekzosi.

Kuna na karatasi. Vignette inafuata nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye karte roze. Moteri kubwa inaweza kukupandisha ngazi, na ngazi hiyo utailipa kila mwaka.

Lakini nisiwadanganye: moteri ndogo si malaika. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400. Hewa ya huku ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kila mita 1,000 unazopanda. Ya 1.8 iliyojaa watu watano na mifuko ya unga itakulilia kwenye kilima. Na kwenye barabara ya Lubumbashi, kilomita karibu 300, pale unapotaka kumpita mwenye lori la shaba na mwingine anakuja mbele, nguvu kidogo zaidi inaweza kukuokoa. Tena kwenye safari ndefu ya mwendo mmoja, tofauti ya esansi kati ya ndogo na kubwa inapungua. Mtu ambaye kazi yake ni Kolwezi–Likasi–Lubumbashi kila juma, na mzigo ndani, ana sababu ya kutaka 2.4. Sitamcheka.

Angalieni vile vile jambo ambalo wauzaji hawalisemi. RAV4 za miaka ya 2000 mpaka 2005 zinazotoka Japani, za 1.8 zinavuta magurudumu mawili ya mbele tu. Zile za 2.0 ndizo zenye kuvuta yote manne. Kwa hiyo swali si ukubwa wa moteri peke yake, ni barabara yako. Kama unakaa na kufanya kazi Dilala ao Manika, kwenye lami na vumbi la kawaida, magurudumu mawili yanatosha. Kama unaenda Mutshatsha ao Lubudi kununua mahindi mwezi wa Februari, matope yatakufundisha tofauti kati ya mawili na manne. Hapo 2.0 ni jibu la katikati. Lakini nyingi za 2.0 hizo zina moteri inayoitwa D4, inayorusha esansi moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo haipendi esansi chafu. Ukiilisha mafuta ya bidoni kila siku, jiandae kumjua fundi wako kwa jina.

Na ile ya 1.8 ya miaka hiyo inajulikana kwa kula mafuta ya moteri. Kwa hiyo usinunue jioni, wakati muuzaji ameiwasha tangu asubuhi. Nenda mapema, moteri ikiwa baridi. Gusa kapo kwa mkono wako uhakikishe. Iwashwe mbele yako, utazame moshi: ukiwa na rangi ya buluu, rudi nyumbani. Toa kijiti cha mafuta, utazame. Pakia watu watano kweli, wa familia yako, mpande kilima. Na fundi unayekwenda naye awe wako, si yule ambaye muuzaji amekuletea.

Nina neno kwa upande wa pili pia, wale wanaohesabu fidia. Wanahesabu vyumba, mabati, miembe na choo. Ni vizuri. Lakini kilomita hazihesabiwi. Familia iliyohamishwa mbali inalipa safari kila siku, mwaka hata mwaka, kwa feza ileile waliyopewa kujenga nyumba. Kama barabara na basi vingefika kwenye viwanja vipya kabla ya watu, mabishano ya 1.8 na 2.4 yasingekuwa mabishano ya familia yenye nyumba isiyo na paa. Umbali ni hasara kama ukuta uliobomolewa, na unapaswa kuandikwa kwenye karatasi ya fidia.

Mama, turudi kwako. Nilimsikia mzee nyuma yako kwenye simu akisema viti saba vitaleta feza. Muulize abiria hao watatoka wapi saa nne ya asubuhi, wafanyakazi wote wakiwa wamekwisha kwenda mgodini. Kama safari zenu ni za mjini, twaeni ya 1.8 yenye moteri safi. Na siku mtakayoinunua, kabla ya kwenda stasio, pitieni kwanza kwa muuza simenti. Fidia inakuja mara moja. Tanki inataka kila siku.